Mpiga Fidla Asimame Wapi

Ijumaa, 25 Oktoba

Bustani ya hoteli imefunguliwa leo kwa mlo wa mchana wa Ijumaa. Hoteli imetangaza kwamba joto limekwisha, na sisi wanamuziki hatuna ruhusa ya kubisha, ingawa shati limenigandia mgongoni kabla sijafika jukwaani. Tangu Mei tumekuwa tukipiga ndani, kwenye ukumbi wa baridi kama jokofu. Leo fidla imetolewa nje ghafla na nyuzi zote zimelegea. Nikazikaza, zikalegea. Wageni wakaanza kupakua kamba wa baharini na saladi huku mimi bado nahangaika na vigingi.

Jukwaa ni lile lile na maikrofoni ni ile ile moja. Bendi yetu ina watu wanne na maikrofoni moja katikati, kwa sababu mzee Henry anaamini muziki huu wa banjo na fidla ulipigwa hivyo na waanzilishi wake, na hakuna sababu ya kuwasahihisha. Mwimbaji akimaliza beti anarudi nyuma nusu hatua, mimi naingia na kupiga kipande changu, natoka, anaingia Mike na banjo, anatoka, anarudi Henry. Kutoka mbali inapendeza. Ukiwa ndani yake ni kama foleni ya bafu asubuhi. Leo ukingo wa kofia ya Henry umenichoma jicho katikati ya kipande.

Henry ndiye kiongozi, gitaa na sauti. Ni mtu wa Molo, na tunamwita Baba Caro kwa jina la binti yake. Mike wa banjo ni wa Limuru. Ronny ni Mganda mwenye besi kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mimi ni Shiru wa Ol Kalou, ambaye baba yake alifungulia redio nyimbo za kantri kila Jumapili mpaka mtoto akazikariri kabla ya sala. Fidla nilijifunza kwenye okestra ya shule, nikaipeleka harusini, kisha kwenye baa za Nairobi, kisha hapa Doha. Kote huko nimesimama nyuma ya mwanamume mwenye gitaa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mazoezi kwa Henry, mtaa wa Muaither. Anakaa na binamu yake dereva, na uani kuna kivuli cha kutosha. Nimemwomba kila mtu awe na maikrofoni yake, zile ndogo za kubana kwenye ala, tutawanyike jukwaani kama bendi za watu wazima.

"Apana," akasema. "Unataka tukae kama watu wamegombana?"

Nikamweleza kwamba jukwaa ni pana na sisi tumejibana kama watu wanaoogopa mvua. Akasema nipige kwa nguvu zaidi, hiyo ndiyo shida yangu. Kila wiki ananiambia nipige kwa nguvu. Kuna siku nitaipiga kwa nyundo.

Ijumaa, 1 Novemba

Kofia, jicho. Tena.

Jumanne, 5 Novemba

Nyumbani hakuna pa kufanyia mazoezi. Tunaishi kitanda kwa kitanda hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud, na Velma, mwenzangu wa chumba, ni askari wa lango anayelala mchana. Leo nimebana kipande cha mpira kwenye nyuzi ili fidla inong'one tu, bado akaamka.

"Aki Shiru, hiyo kitu inalia kama paka imefungiwa nje. Nimetoka duty saa hii, nihurumie."

Nikaenda kupigia ngazini. Mlinzi wa jengo akanifukuza kwa adabu nyingi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefanya jambo. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mista Augustine, meneja wa migahawa, Mhindi wa Goa anayetembea kama kuna moto mahali. Sikumwambia Henry. Nilimweleza Mista Augustine kwamba wageni wananiomba picha lakini picha zote zinatoka na bega la mzee mbele yangu. Akaelewa mara moja. Akasema fidla ndiyo inayouza bustani, na kwamba alikuwa akisubiri mmoja wetu aseme.

Maikrofoni za kubana zinakuja kesho. Mimi nitasimama mbele, pembeni kulia, karibu na wageni.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimesikika! Miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba fidla yangu ina sauti nene hivyo kwenye uzi wa chini. Bibi mmoja wa Kimarekani aliacha kijiko hewani. Kofia ya Henry iko mbali, huko katikati, na haimchomi mtu.

Henry hakuniambia kitu siku nzima. Kwenye basi la wafanyakazi Mussa, dereva wetu kutoka Unguja, akanitania kwamba kwao kwenye taarabu fidla hupigwa umekaa kitako kwa heshima, na anayesimama mbele ya watu namna ile anatafuta mchumba. Nikamwambia aangalie barabara.

Ijumaa, 22 Novemba

Henry amekula kipande changu. Beti la pili limekwisha, nimeinua upinde, yeye akaunganisha moja kwa moja beti la tatu. Nikabaki na upinde juu kama mtu anayeomba kibali darasani.

Bahati mbaya, nikajiambia.

Ijumaa, 29 Novemba

Si bahati mbaya. Mara mbili leo.

Ijumaa, 6 Desemba

Wimbo mmoja alinikata katikati, mwingine aliniacha mpaka nikamaliza, nikarudia, nikamaliza tena, na yeye bado anatabasamu na gitaa lake kana kwamba ana siku nzima. Mike alinitazama, mimi nikamtazama Mike. Ronny haangalii mtu yeyote, anaangalia vidole vyake.

Nilimwuliza Henry baada ya kushuka. Akasema fidla yangu siku hizi haieleweki inaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi. Mimi ambaye nilihesabu mapigo kwenye okestra tangu kidato cha kwanza, ambaye harusini nilishika mdundo peke yangu mpiga ngoma alipolewa. Kama kuna kitu kimoja Mungu alinipa bila kupunguza, ni kuhesabu.

Ni wivu. Niliwahi kuambiwa kwamba wanaume wa gitaa wanazeeka vibaya, sikuamini.

Jumatano, 18 Desemba

Sikukuu ya taifa. Jiji lote ni bendera na honi. Hatukupiga.

Ijumaa, 20 Desemba

Kipande kimeliwa.

Ijumaa, 27 Desemba

Kimeliwa. Wageni wa Krismasi walikuwa wengi, na meza ya Watexas, Wamarekani wanaokuja kila Ijumaa, ikacheka tulipogongana, Henry na beti lake, mimi na kipande changu, wote juu ya mdundo mmoja kama watu wawili mlangoni. Mista Augustine alikuwa amesimama karibu na nyama choma. Hakucheka.

Ijumaa, 10 Januari

Asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka huwezi kuona lango la hoteli. Mchana ukaondoka lakini bendi ikabaki humo.

Leo nimempigia Henry kelele nyuma ya jikoni, mbele ya waosha vyombo. Nilimwambia kama anataka kupiga peke yake aseme. Nilimwambia ananiua kazini kwa sababu watu wananipigia makofi. Alinisikiliza akinikazia macho mdomoni, kitu ambacho kiliniudhi zaidi, maana ananiangalia hivyo siku hizi kama anayehesabu meno yangu. Kisha akasema kwa upole, "Umemaliza, mama?" Akaenda kuweka gitaa lake kwenye mfuko.

Ule upole wake ndio ulionichosha. Ningependa atukane kama watu wengine.

Alhamisi, 16 Januari

Mista Augustine ameniita ofisini na kufunga mlango.

Mkataba wa bendi unaisha Ramadhani ikiingia, kwa sababu mwezi mzima hakuna muziki. Baada ya Idd ataamua nani arudi. Bendi imelegea, akasema, na wageni wameandika hivyo. Lakini fidla wanaipenda. Ananitaka mimi peke yangu na tableti: gitaa, besi na banjo zitatoka kwenye spika, mimi nitasimama mbele na kofia na buti, na hakuna mtu wa kunikata. Wale watatu watapewa tiketi za kurudi nyumbani. Nimjibu siku ya onyesho la mwisho, tarehe ishirini na nane Februari.

Nimetaka hivi tangu nilipokuwa na miaka ishirini: bango lenye sura yangu, si kofia ya mtu. Na nimekasirika kwamba kimekuja namna hii, na tableti.

Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 24 Januari

Kimeliwa. Safari hii sikujali sana. Nilikuwa nawaza tableti haina kofia.

Jumanne, 4 Februari

Naandika polepole kwa sababu sijui nianzie wapi.

Ijumaa iliyopita Velma alikuwa na siku ya mapumziko, nikamwombea nafasi ya kusimama karibu na jikoni atazame onyesho. Alirekodi video ndefu kwa simu yake. Leo mchana amelala, na mimi nilitaka kuona bega langu linavyokaa, kwa hiyo nikaifungua bila sauti nisimwamshe.

Bila sauti, kitu cha kwanza unachokiona si mimi. Ni shingo ya Henry.

Beti linapokaribia mwisho anainyoosha shingo kuelekea upande wangu, kama mtu anayemtafuta mtoto wake kwenye umati. Mimi nimesimama mbele kulia, nimempa mgongo, niko na wageni wangu. Anatafuta. Anaona mgongo na nywele. Anasubiri kidogo, anaamua, anafungua mdomo na kuimba, na pale pale naonekana nimeinua upinde. Wimbo unaofuata ni vivyo hivyo. Kuna mmoja ambapo niligeuka kidogo kumcheka mtoto wa mgeni, kiwiko changu kikawa wazi kwake, na hapo akaingia sawasawa, bila kosa.

Nilirudia pale mahali mpaka simu ikapata moto. Mtu anayesikia haangalii kiwiko.

Nikakumbuka anavyonikodolea mdomo nikisema. Nikakumbuka "piga kwa nguvu." Na tulipokuwa tumezunguka maikrofoni moja, kiwiko changu kilikuwa puani kwake kila wimbo, nikiingia anakiona, nikitoka anakiona. Hakuwahi kukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyekwenda kwa meneja nikaomba tutawanywe.

Nina hasira. Nilidhani nitaandika kwamba namhurumia, lakini ni hasira. Kwa nini hakusema?

Jumatatu, 10 Februari

Nilifika Muaither kabla ya wengine. Henry alikuwa ameweka chai uani. Nilitoa fidla, nikaketi mbele yake, nikamwambia tupitie ule wimbo wa pole pole. Akaimba beti la pili. Nikainua upinde na kuuchezesha juu ya nyuzi bila kuzigusa hata kidogo, kipande kizima, juu chini, kwa ukamilifu. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa gitaa lake. Henry alinitazama mkono, akatikisa kichwa kwa furaha, na nilipoushusha upinde akaingia na beti la tatu mahali hasa panapotakiwa.

"Safi," akasema. "Unaona? Ukitulia unaweza."

"Baba Caro, sijapiga kitu."

Alidhani hajanisikia vizuri. Nikarudia huku nikiinua uso ili auone mdomo. Akaliweka gitaa chini.

"Fidla ndiyo ilienda kwanza," akasema baadaye. "Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Na ndege. Hao ndege wa hapa nje, sijui kama bado wanalia."

"Wanalia."

"Gitaa nasikia. Ronny namsikia kwa miguu, kwa mbao. Banjo nusu nusu. Wewe hapana, wewe nakuona tu."

Nilimwuliza kuhusu kifaa cha masikioni. Alishajaribu kimoja, akasema kinaleta vijiko na sahani zote za bustani ndani ya kichwa na kuacha muziki nje. Tena kofia haifiki masikioni, Mista Augustine angekiona siku ya kwanza. Mwimbaji asiyesikia bendi yake angepewa tiketi kabla ya chakula cha mchana.

"Sasa mimi nilipoomba maikrofoni, mbona hukuniambia sababu?"

"Nilikuambia tusitawanyike. Hukutaka kusikia."

Nilimwangalia nione kama anatania. Alikuwa hatanii. Nikamwaga chai yangu kwenye mchanga na kuomba nyingine.

Nami nikamweleza ya tableti, maana ilikuwa zamu yangu. Alijipangusa uso kwa kofia.

"Ichukue," akasema. "Mimi nina miaka sitini karibu. Lakini Mike ana watoto wadogo. Na Ronny..." Kisha akasema nisimwambie mtu yeyote habari ya masikio, si Mike, si Ronny. Ananiomba. Hajawahi kuniomba kitu tangu nimjue.

Ijumaa, 14 Februari

Upepo. Vitambaa vya meza viliruka, kila maikrofoni ilinguruma. Maua mekundu kila mahali. Nilijaribu kupiga nimemgeukia Henry, Mista Augustine akanifanyia ishara kwa mbali nigeuke, niwaangalie wageni. Nikageuka. Kipande kikaliwa.

Nachoka na watu wote wawili. Nachoka na mimi pia.

Ijumaa, 21 Februari

Vivyo hivyo. Mista Augustine aliniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia wiki ijayo.

Jumatano, 26 Februari

Velma anasema mimi ni mjinga nikikataa. Hajui yote, nimemwambia nusu tu. Ananihesabia marafiki wetu waliorudishwa nyumbani na wanachofanya sasa. Hakuna hata mmoja anayepiga ala. Alisema hayo huku akipiga pasi yunifomu yake, bila ubaya.

Ijumaa, 28 Februari

Leo jioni watu watautazama mwezi wa Ramadhani. Mchana ulikuwa wetu.

Nilifika mapema nikamtafuta Eugene, fundi wa sauti, Mkenya mwenzetu, nikamwambia upepo unaharibu hizi ndogo, aturudishie ile kubwa ya zamani. Hata yeye alikuwa amechoka na ule mngurumo. Akaisimamisha katikati. Nikasogea nyuma, nikasimama pale pale pa zamani, kiwiko changu puani kwa Henry. Alinitazama tu. Akavaa kofia yake vizuri, ukingo ukanigusa sikio.

Sijui niandikeje tulivyopiga. Hakuna aliyegongana. Niliingia, nikatoka, Mike akaingia, akatoka, tukizunguka kama watu wa nyumba moja jikoni. Henry aliimba akiwa ametulia, haogopi mwisho wa beti. Ronny aliinua macho kutoka kwenye vidole vyake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwenye wimbo wa mwisho wageni waliacha kula kabisa, hata meza ya Watexas, na bibi mmoja akavua viatu na kucheza kwenye nyasi.

Mista Augustine alikuja nyuma ya jikoni anang'aa. Alisema hii ndiyo bendi aliyoiajiri, ilikuwa imepotelea wapi. Baada ya Idd, wote wanne. Mike akaketi juu ya kreti la soda akafunika uso. Nilidhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mista Augustine akaendelea: wote wanne, ila maikrofoni zile ndogo zirudi, na Shiru arudi mbele kulia, kwa sababu leo amepiga picha hamsini na zote zina bega la mzee. Alisema hivyo akicheka, kama jambo dogo. Henry alikuwa akimtazama mdomo, na niliona alipolifikia neno lenyewe, maana uso wake ulizimika.

Ningeweza kunyamaza. Tungerudi baada ya Idd, na kabla ya joto kuja Henry angekuwa anatafuta kiwiko changu kwenye umati tena, bendi ingelegea, wale watatu wangepewa tiketi, na mimi ningebaki na tableti. Ningeweza kusema ukweli, na Henry angepewa tiketi mbele yangu. Nilikasirika mno kwamba yote mawili yameachiwa mimi, na kwamba wanaume watatu wamesimama pale wakikagua viatu vyao.

Nikamwambia Mista Augustine kwamba siwezi kusimama mbele.

Akauliza kwa nini.

"Sijui kuhesabu," nikasema. "Nisipomwangalia Baba Caro napotea. Yale makosa yote ya msimu huu yalikuwa yangu. Yeye alikuwa ananifuata kuninusuru."

Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili polepole, nikimwelekea Henry, ili aone.

Mista Augustine alifikiri kidogo. Akasema sasa anaelewa. Akasema ni vizuri mtu kujijua. Maikrofoni moja basi, na nibaki karibu na mzee anishike mkono. Kuhusu lile jambo letu la ofisini, akasema kwa sauti ya huruma, tuliache, maana tableti haimsubiri mtu. Eugene alikuwa karibu, na waosha vyombo, na wapishi wawili. Kufikia sasa hoteli nzima inajua.

Mussa alitubeba kwenye basi. Henry alikuja kukaa kando yangu, kofia mapajani. Kwenye mataa ya kwanza akanigeukia.

"Umewaambia hujui kuhesabu."

"Ndiyo."

"Na wamekuamini?"

"Papo hapo."

Alicheka mpaka akalia, mzee mzima, akijifuta kwa mkono wa shati, na mimi nikageuza uso dirishani. Nimefika nyumbani, nimeoga, nimekula, na bado linanichoma: watu wote wale, msimu mzima wamenisikia, na hakuna hata mmoja aliyebisha.